Kutoka Faili la Data hadi Jarida la Demografia: Mwongozo Kamili wa Kuandika na Kuwasilisha Makala

Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ile ya Agosti 2012 ilikuwa imehesabu watu 44,928,923. Gawanya namba ya 2022 kwa ya 2012, chukua logarithi asilia ya jibu, gawanya kwa miaka 10: unapata 0.0318, yaani ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya dakika moja na ni sahihi, ila bado si makala. Makala inaanza pale unapogundua kwamba kati ya 2002 na 2012 kasi ilikuwa asilimia 2.7, na kwamba wakati kasi ikipanda uzazi ulikuwa unashuka, kutoka watoto 5.4 kwa mwanamke katika utafiti wa 2010 hadi 4.8 katika utafiti wa 2022. Uzazi unashuka, kasi ya ongezeko inapanda. Je, ni vifo vya watoto vilivyopungua? Ni wahamiaji? Au kuna watu ambao sensa ya 2012 iliwaruka na ya 2022 ikawafikia?

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili, mhadhiri msaidizi, mtakwimu wa halmashauri au mtafiti ambaye tayari ana data na anataka kuziingiza katika jarida la kitaaluma la demografia. Tunachukulia kwamba unaweza kutumia Stata au R kwa kiwango cha kawaida. Katika fani hii andiko huangushwa mara nyingi zaidi na namba ya chini ya sehemu, ile asili, kuliko na modeli: mwandishi anajua amehesabu matukio gani, lakini hajui kwa uhakika ameyagawa kwa watu gani. Kwa hiyo hatua za kukagua na kukokotoa hapa ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Swali moja lenye mipaka

"Uzazi Tanzania" ni mada. "Je, pengo la uzazi kati ya mjini na vijijini Tanzania Bara limepungua tangu 1991?" ni swali. Swali la makala ya demografia linataja tukio (kuzaliwa, kufa, kuolewa, kuhama), watu walio katika uwezekano wa kupatwa na tukio hilo, mahali, na kipindi. Ukishindwa kuyataja yote manne katika sentensi moja, usifungue bado programu ya takwimu.

Jaribu swali lako kwa namba zilizokwisha kuchapishwa kabla ya kulitumikia miezi sita. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulipata watoto 3.8 kwa mwanamke mjini na 6.0 kijijini, ule wa 2022 ulipata 3.6 na 5.5. Pengo limetoka 2.2 hadi 1.9. Linaonekana limepungua. Sasa tuseme kila kipimo kati ya hivyo vinne kina mipaka ya uhakika ya 0.2 juu na chini. Makosa ya sampuli hujumlishwa kwa mraba wake: kipeuo cha pili cha mara nne ya 0.2 kwa mraba ni 0.4. Mabadiliko ya 0.3 yamo ndani ya 0.4, hivyo kwa tafiti mbili tu huwezi kudai kwamba pengo limepungua. Kwa tafiti zote saba kuanzia 1991–92 unaweza kuuona mwelekeo, ila kumbuka kwamba ule wa 1999 ulikuwa na sampuli ndogo. Hesabu hii ya nusu ukurasa ifanyike sasa, kabla mhakiki hajaifanya kwa niaba yako.

Hatua ya 2: Chagua jarida kabla ya kuandika

Kila jarida lina mazoea yake, na andiko lililoandikwa "kwa jarida lolote" hujulikana mapema.

Population Studies lilianzishwa London mwaka 1947 na hutoka mara tatu kwa mwaka. Hupenda mbinu mpya za ukadiriaji, historia ya idadi ya watu, na kazi zenye kuhoji data. Demography, la chama cha wanademografia wa Marekani tangu 1964, huelemea modeli nzito. Tangu 2021 linasomwa bure. Population and Development Review, lililoanza 1975 chini ya Population Council, linataka uonyeshe uhusiano wa idadi ya watu na uchumi, jamii au sera. Population la Paris, lililoanzishwa 1946 na taasisi ya INED, huchapisha kwa Kifaransa na Kiingereza, jambo la manufaa kwa wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa. African Population Studies la Umoja wa Utafiti wa Idadi ya Watu Afrika nalo lina lugha hizo mbili, na wahakiki wake hawahitaji kuelezwa wilaya ni nini.

Kwa mwandishi wa Afrika Mashariki asiye na ruzuku, jarida la kulifikiria mwanzoni ni Demographic Research la Taasisi ya Max Planck mjini Rostock, Ujerumani. Limekuwa la mtandaoni na la bure tangu 1999, kwa msomaji na kwa mwandishi pia. Lina aina ya makala fupi za matokeo ya kimaelezo, ambazo hazikulazimishi kujenga nadharia nzima ili kuonyesha mwelekeo mmoja uliopimwa vizuri.

Kipimo rahisi cha kujua kama umebisha mlango sahihi: fungua matoleo ya miaka mitatu iliyopita, utafute makala tano zinazofanana na yako kwa swali au kwa mbinu. Ukikosa hata mbili, hama. Ukizipata, zisome kwa kalamu mkononi: majedwali mangapi, sehemu ya data ina kurasa ngapi, udhaifu wa data umetajwa wapi.

Hatua ya 3: Data na vibali

Njia kuu ni nne. Ya kwanza ni tafiti za DHS, yaani tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zinazofanywa katika nchi nyingi, ambazo faili zake huombwa mtandaoni kwa kuandika aya moja ya maelezo ya mradi na kutaja kila nchi unayoitaka. Mwaka 2025 mpango huo ulitikiswa na kusitishwa kwa fedha za serikali ya Marekani, kwa hiyo hakikisha maombi mapya yanapokelewa kabla ya kupanga ratiba ya shahada yako juu yake. Ya pili ni IPUMS International ya Chuo Kikuu cha Minnesota, yenye sampuli za asilimia 10 za sensa za Tanzania za 1988, 2002 na 2012, pamoja na sensa kadhaa za Kenya. Ya tatu ni vituo vya ufuatiliaji wa kaya kama Ifakara, Kilifi, na Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Huko kila kuzaliwa, kifo na kuhama huandikwa na mtu anayeirudia kaya ileile, na ndiyo data bora zaidi tulizo nazo kuhusu vifo vya watu wazima. Lakini eneo ni dogo; usiandike "Kenya" wakati umepima Korogocho. Ya nne ni ofisi za takwimu zenyewe: NBS kwa Tanzania Bara, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwa Zanzibar, KNBS kwa Kenya.

Unapotumia faili lisilo na majina, jarida bado litataka sentensi moja inayosema utafiti wa awali ulipata idhini ya nani na wewe ulipewa ruhusa na nani. Ukikusanya data zako mwenyewe, kibali hutangulia kazi ya uwandani: tume ya sayansi na teknolojia ya COSTECH na kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa Bara, taasisi ya utafiti wa afya ya ZAHRI kwa masuala ya afya Zanzibar, tume ya sayansi ya NACOSTI pamoja na kamati ya maadili iliyotambuliwa kwa Kenya. Kamati hazitoi kibali cha kurudi nyuma. Data zilizokusanywa bila kibali hazina tena njia ya kuingia jaridani, hata ziwe nzuri kiasi gani.

Hatua ya 4: Kagua umri, kisha kagua nani hayumo

Karani anamuuliza bibi umri wake. Bibi hakumbuki mwaka, ila anakumbuka kwamba wakati wa Azimio la Arusha alikuwa ameshaanza shule. Karani anafungua kalenda ya matukio, anahesabu kutoka 1967, anakadiria, anaandika 65. Huenda bibi ana 63, huenda ana 67. Zidisha hilo kwa maelfu ya kaya na utaona kwenye grafu ya umri mmoja mmoja vilele virefu kwenye 30, 40, 50, 60 na mabonde kwenye 29, 31, 39, 41. Huku ndiko kulundikana kwa umri, na kila data ya eneo letu inalo kwa kiasi fulani.

Lipime kwa kielezo cha Whipple:

1. Jumlisha watu wote wenye umri wa miaka 23 hadi 62.
2. Jumlisha wale wenye 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55 na 60.
3. Zidisha jumla ya pili kwa 5, gawanya kwa ya kwanza, zidisha kwa 100.

Mfano wa kujifunzia: watu 200,000 kati ya 23 na 62, na 56,000 kati yao wana umri unaoishia 0 au 5. Jibu ni 140. Kwa kipimo cha Umoja wa Mataifa, chini ya 105 ni data sahihi sana, 105 hadi 109.9 sahihi kiasi, 110 hadi 124.9 za makadirio, 125 hadi 174.9 mbovu, 175 na zaidi mbovu sana. Kokotoa kwa wanawake na wanaume mbalimbali, na kwa mjini na vijijini mbalimbali. Mara nyingi ukichanganya unaficha kundi lenye 160 ndani ya wastani wa 120.

Wengi hudhani makundi ya miaka mitano huponya tatizo hili. Huponya nusu. Aliye na miaka 38 au 39 akiandikwa 40, ametoka kundi la 35–39 na kuingia 40–44. Ikiwa wanawake wanalundikana kwenye 40 na watoto wao wameandikwa kwa usahihi, kiwango cha uzazi cha 40–44 kinavurugika pamoja na cha kundi lililotangulia. Onyesha grafu ya umri mmoja mmoja kwenye kiambatisho, sema kielezo ni ngapi, eleza kinaathiri vipimo vipi. Usilainishe data kimyakimya kwa fomula iliyokuja na programu. Mhakiki wa demografia ataliona hilo upesi.

Kuna upotoshaji mwingine ambao hautokani na kusahau. Katika DHS, mwanamke wa miaka 15 hadi 49 anahojiwa kwa kirefu, na mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka ya karibuni, mara nyingi mitano, anazua maswali mengi ya chanjo, lishe na matibabu. Mhojaji aliyechoka hujikuta akimwandika msichana wa 15 kuwa wa 14, mama wa 49 kuwa wa 50, na mtoto wa miezi 58 kuwa wa miezi 62. Dalili zake zinaonekana: wasichana wa 14 ni wengi isivyo kawaida kuliko wa 15, na vizazi vinapungua ghafla mwaka wa mpaka huku mwaka uliotangulia ukifurika. Ukikadiria mwelekeo wa uzazi bila kuliangalia hili, utatangaza kushuka kwa uzazi kulikotengenezwa na uchovu wa mhojaji.

Halafu kuna wasiokuwemo kabisa. Mfano wa kufundishia ni Kenya. Uzazi ulikuwa 4.7 katika utafiti wa 1998 na 4.9 katika ule wa 2003, na kwa miaka mingi majarida yamejadili kama kushuka kwa uzazi Kenya kulisimama kweli. Lakini tafiti za kabla ya 2003 hazikufika Kaskazini Mashariki na wilaya nyingine za kaskazini. Wa 2003 ulifika. Ukiiondoa kaskazini pengo linapungua, ingawa haliishi. Yeyote anayelinganisha miaka hiyo miwili bila kulinganisha ramani analinganisha nchi mbili tofauti. Vivyo hivyo kwa sensa: mwaka 2010 serikali ya Kenya ilitangaza kuyakataa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana. Anayetumia namba hizo aandike hivyo waziwazi. Na neno "mjini" likaguliwe vilevile, maana vijiji hupandishwa hadhi kuwa miji midogo, na pengo la mjini na vijijini hubadilika bila mwanamke yeyote kubadili uzazi wake.

Hatua ya 5: Kokotoa, na uanze kwa kurudia namba iliyochapishwa

Kanuni isiyo na msamaha: kabla ya kufanya jambo lolote jipya, rudia namba iliyomo kwenye ripoti rasmi. Kama ripoti ya Tanzania ya 2022 inasema 4.8, skripti yako lazima itoe 4.8. Ikitoa 4.3 au 5.2, hakuna modeli itakayokuokoa.

Katika faili la wanawake la DHS, uzani wa sampuli uko kwenye v005 na umeandikwa bila nukta. Ugawanye kwa 1,000,000. Klasta iko v021. Matabaka yako v022 au v023 kutegemea utafiti, kwa hiyo soma maelezo ya sampuli mwishoni mwa ripoti usikisie. Katika Stata yatangaze yote matatu kwa svyset, katika R kwa kifurushi cha survey. Ukisahau uzani, wastani wako unapotoka; ukisahau klasta, wastani unabaki sawa lakini mipaka ya uhakika inakuwa myembamba kupita ukweli, na tofauti zisizokuwepo zinaonekana ni tofauti.

Tarehe zimeandikwa kwa namba ya miezi tangu mwanzo wa karne ya 20: toa 1900 kwenye mwaka, zidisha kwa 12, ongeza mwezi. Machi 2022 ni 122 mara 12, jumlisha 3, sawa na 1467. Tarehe ya mahojiano ni v008, na ya kuzaliwa kwa kila mtoto ni b3. Uzazi wa DHS huhesabiwa kwa miezi 36 iliyotangulia mahojiano, na mwezi wa mahojiano wenyewe hauingii kwa sababu haujakamilika.

Sasa ile asili. Kosa la kawaida ni kuchukua vizazi vya miaka mitatu na kuvigawa kwa idadi ya wanawake kwa umri walio nao siku ya mahojiano. Mwanamke mwenye miaka 25 na miezi 6 leo alikuwa kundi la 20–24 kwa miezi 30 kati ya 36, na kundi la 25–29 kwa miezi sita. Lazima muda wake ugawanywe: miaka 2.5 huku, 0.5 kule. Jumla ya miaka hiyo ya wanawake wote, yenye uzani, ndiyo namba ya chini. Vizazi navyo huwekwa kwenye umri aliokuwa nao mama siku ya kujifungua.

Ukishapata viwango vya kila kundi, uzazi jumla ni jumla yake mara tano. Kwa mfano wa kujifunzia, vizazi kwa wanawake 1,000 kwa mwaka:

15–19: 112
20–24: 230
25–29: 220
30–34: 185
35–39: 130
40–44: 62
45–49: 15

Jumla ni 954. Mara tano ni 4,770. Gawanya kwa 1,000: watoto 4.77 kwa mwanamke, kama angepita umri wote wa uzazi kwa viwango hivi. Sentensi hiyo ya mwisho iwemo katika makala. Uzazi jumla ni kipimo cha kipindi; kusema "wanawake wa Tanzania wana watoto 4.8" ni kosa litakalokurudishia andiko.

Namba yako ikikataa kulingana na ya ripoti, pitia kwa mpangilio huu: uzani haujagawanywa au haujatumika, watoto waliofariki wameachwa nje, ilhali historia ya uzazi inawajumuisha, wanawake wasiozaa kamwe wamedondoka ulipounganisha faili, mwezi wa mahojiano umeingia. Sababu ya tatu ndiyo inayopandisha uzazi kuliko zote, na hutokea kwa anayeanzia na faili la vizazi badala ya faili la wanawake. Kwa R kuna kifurushi DHS.rates kinachotoa jibu haraka. Kitumie kuthibitisha, lakini andika na hesabu yako mwenyewe angalau mara moja.

Kwa vifo vya watoto pale ambapo huna historia kamili ya uzazi, kama ilivyo katika sensa nyingi, kuna mbinu ya William Brass, mtakwimu Mskoti aliyefanya kazi Nairobi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki kuanzia 1948. Inahitaji maswali mawili tu kwa kila mama: umezaa wangapi, na wangapi wako hai. Sehemu ya waliofariki kwa akina mama wa 20–24 hubadilishwa kuwa uwezekano wa kufa kabla ya miaka 2, ya 25–29 kabla ya miaka 3, ya 30–34 kabla ya miaka 5. Kundi la 15–19 halitegemewi, kwa kuwa watoto wa mama wadogo sana hufa zaidi na idadi ni ndogo. Na pale UKIMWI ulipoua akina mama wengi, mbinu hii hutoa makadirio ya vifo yaliyo chini ya ukweli, maana watoto wa mama aliyefariki hawana wa kuwasemea.

Hatua ya 6: Andika kuanzia katikati

Tengeneza majedwali na grafu kwanza, yasizidi sita. Kisha andika data na mbinu, matokeo, mjadala, utangulizi, na ikisiri mwishoni kabisa. Anayeanza na utangulizi hujikuta ameahidi makala nyingine.

Sehemu ya data na mbinu iwe ndefu kuliko ulivyozoea kwenye tasnifu za fani nyingine, na mapitio ya machapisho yawe mafupi zaidi. Mhariri hahitaji historia ya nadharia ya mpito wa kidemografia. Anataka kujua nani alibishana na nani kuhusu swali lako hili, na wewe unaongeza nini.

Demographic Research huitaka ikisiri yenye vichwa sita: usuli, lengo, mbinu, matokeo, hitimisho, mchango. Hata kama jarida lako halitaki vichwa, andika rasimu kwa vichwa hivyo kisha uvifute. Ikisiri isiyo na namba hata moja ni dhaifu. "Pengo lilipungua" haitoshi. Sema kutoka ngapi hadi ngapi, na mipaka yake.

Lugha itakuwa Kiingereza au Kifaransa, na hapo ndipo waandishi wetu hupoteza alama bila sababu. Maneno "kaya" na "familia" yana tafsiri tofauti na maana tofauti. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na ripoti ya sensa ina fasili yake, inukuu. Katika mjadala epuka aya ya "serikali ihakikishe" isiyotokana na jedwali lolote. Kama hukupima huduma za uzazi wa mpango, usimalizie kwa kuzipendekeza. Na data za wakati mmoja hazithibitishi kwamba elimu imepunguza uzazi. Huenda msichana aliacha shule kwa sababu ya ujauzito.

Hatua ya 7: Kuwasilisha

Andaa mafaili haya kabla ya kufungua mfumo wa jarida: andiko lisilo na majina, ukurasa wa kichwa wenye majina na taasisi, majedwali, grafu kwa ubora unaotakiwa, kiambatisho, skripti, na barua ya kuwasilisha. Jisajili ORCID upate namba ya utambulisho wa mtafiti, ni bure.

Kuondoa majina ni zaidi ya kufuta ukurasa wa kwanza. Futa shukrani, futa jina lililobaki kwenye sifa za faili la Word, na badala ya "katika kazi yetu ya awali" taja kazi hiyo kama ya mtu mwingine.

Barua iwe ya sentensi tano: swali, data, matokeo makuu kwa namba moja, kwa nini jarida hili, na tamko kwamba andiko haliko kwingine. Hilo la mwisho ni la kuheshimiwa. Kupeleka majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa la kimaadili, na wahakiki wa fani hii ni wachache kiasi kwamba andiko moja humfikia mtu mmoja mara mbili.

Mpangilio wa majina ukubaliwe kwa maandishi kabla ya kazi, hasa ikiwa wapo wasaidizi wa uwandani waliotoa zaidi ya kujaza dodoso.

Hatua ya 8: Kuwajibu wahakiki

Kukataliwa bila kuhakikiwa huja ndani ya siku au wiki chache. Uhakiki kamili huchukua miezi. "Marekebisho makubwa" ni habari njema, maana mhariri anaona kuna makala humo.

Nakili kila hoja ya mhakiki neno kwa neno, chini yake andika jibu, kisha ukurasa na mstari ulipobadilisha. Mhakiki akisema "mwandishi hakuzingatia ubora wa umri," jibu dhaifu ni "tumezingatia." Jibu lenye nguvu ni: "Tumekokotoa kielezo cha Whipple kwa kila utafiti na kwa mjini na vijijini, kiko kati ya 112 na 148, jedwali jipya la kiambatisho. Tumerudia makadirio bila tafiti mbili zenye kielezo kikubwa. Pengo linabadilika kwa 0.1. Ukurasa wa 9, mstari wa 14 hadi 22." Usipokubaliana naye, sema hivyo kwa adabu na kwa hesabu. Wahakiki wawili wakipingana, mwandikie mhariri aseme lipi litangulie.

Ukikataliwa, sahihisha yale ya kweli kabla ya kwenda jarida la pili.

Kuhusu matapeli

Barua pepe inayokusifu, inayoahidi kuchapisha ndani ya siku saba na kutaja ada mapema ni ya kutupwa. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida ya bure, au AJOL, hazina ya majarida ya Afrika, na kama wahariri waliotajwa wanalitaja jarida hilo kwenye kurasa za vyuo vyao. Majarida halali nayo hutoza ada, baadhi kubwa. Waandishi walio katika nchi zinazohudumiwa na Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato cha chini machapisho ya kitaaluma, mara nyingi husamehewa yote au sehemu, lakini ombi hutumwa wakati wa kuwasilisha, kabla ya ankara.

Prufu na baada yake

Prufu, nakala ya mwisho unayokagua kabla ya kuchapishwa, hupewa siku chache. Usisome maandishi tu. Chukua kila namba katika kila jedwali uilinganishe na matokeo ya skripti, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatilia. Nukta ya desimali iliyohama hubaki hapo milele. Hakikisha pia majina ya wilaya na kata hayakubadilishwa na mhariri wa lugha.

Weka skripti kwenye hazina ya wazi, lakini si faili la DHS lenyewe. Masharti yake yanakataza kuligawa. Kisha andika kurasa mbili za Kiswahili, zenye grafu moja na fasili za maneno, uzipeleke NBS au KNBS na kwa ofisi ya mipango ya halmashauri ulizozitaja. Afisa mipango anayegawa madawati na dawa kwa makadirio ya mwaka ule hana muda wa kusoma kurasa 30 za Kiingereza, na namba zako zinahusu kata zake.